Mwanangu, Mteja Hakuukimbia Ugonjwa

Mwanangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mama hajui, na kwenye kitubio nililiruka kila mara. Ule ujumbe uliozunguka kwenye simu za watu wa Musoma mwaka ule wa corona, ule uliosema "Sokoni kuna hatari, kaa nyumbani, tutakuletea mpaka mlangoni," niliuandika mimi. Sikuutuma tu kama watu wengine walivyoutuma. Niliutunga. Nilikaa juu ya kitanda changu hapa Kamunyonge, nikafuta mara tatu, nikatoa neno "msongamano" nikaweka "hatari" kwa sababu niliona linauma zaidi, kisha nikabonyeza. Na duka lako la nguo na viatu lilikuwa pale pale mdomoni mwa soko.

Basi, nimeliandika. Nilidhani mkono utagoma.

Sasa usishtuke kwamba nimekuita mwanangu. Ulianza wewe. Ulinipa jina la mama yako, Nyanjura, aliyekufa mwaka mmoja kabla sijazaliwa, na tangu hapo hujawahi kuniita binti. Unaniita mama. Ukirudi jioni unasemaga, "Mama, maji ya kunawa," na mgeni asiyejua desturi zetu anatafuta kwa macho bibi kizee, anaona msichana mwembamba ametokea na jagi. Butiama nikienda, wazee wananiamkia wao. Wananiuliza mbona siku hizi siwapikii vizuri kama zamani, kabla sijafa. Nami nacheka chini chini, naangalia miguu yangu, maana unanijua, mbele ya watu ulimi wangu unakuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Heshima hiyo ya kuwa mama yako sijawahi kuitumia, hata siku moja. Leo naitumia. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kesho asubuhi wewe unapanda basi kwenda Nyamuswa kufungua duka jingine. Mama mtu anaruhusiwa kumgombeza mwanawe kabla hajafunga begi. Kama baba yangu nisingethubutu.

Sitakuambia uchemshe maji wala ujifunike vizuri. Hayo ameshakuambia mke wako tangu asubuhi, nadhani mara nne. Nataka kukuambia kwa nini duka la kwanza lilikufa, kwa sababu hujui, na unakwenda Nyamuswa bila kujua. Umeuza ng'ombe wote waliobaki Butiama ili upate mtaji. Ng'ombe wa mji wa Nyanjura, maana yake ni wangu, na hukuniuliza! Duka la Nyamuswa likifa kama la hapa, hakuna tena zizi la kurudia. Ndiyo maana naandika, ingawa najua ukimaliza kusoma unaweza usiniite tena jina lile.

Hasira yangu ilianza Jumapili iliyopita, pale watu walipokaa kukuaga.

Baba mkubwa alikuwa ametoka Butiama, ameketi kwenye kiti chako. Alikuwepo mwenyekiti wa kwaya, na Mama Happy wa nyumba ya pili, na wengine. Mimi nilikuwa nazunguka kunawisha watu mikono.

"Duka la mdogo wangu limeliwa na corona," baba mkubwa akasema. "Hilo tusifichane. Alikuwa anauza vizuri."

"Siyo corona peke yake, ni hizi simu," Mama Happy akadakia. "Watu siku hizi wananunua picha, Baba Nyanjura. Unatumiwa picha ya gauni, likija ni dekio!"

Mkacheka wote. Mwenyekiti wa kwaya akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mwenye msimamo. "Mimi nguo ambayo sijaishika siinunui," akasema. "Nguo lazima uishike."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na jagi. Lile shati la kijivu alilovaa, baba, nililiuza mimi. Aliliona kwenye picha, akaagiza, akaomba aletewe saa ambazo wenzake wako kwenye mazoezi, mtaa ukiwa mtupu. Na Mama Happy hilo dekio lake analolisema alilivaa Pasaka mbili mfululizo, tena akaongeza la pili la bluu. Nikatazama chumba kizima. Watu tisa wamekuja kukuombea, na kati ya hao tisa, sita walikuwa wananunua kwa adui yako na huku wanakuita ndugu. Nikatamani niwamwagie maji. Nikamwaga kidogo, kwenye suruali ya mwenyekiti, na mama akaniambia niangalie ninachofanya.

Lakini si wao walionikasirisha zaidi. Ni wewe. Uliinuka, ukashukuru, ukasema, "Wateja wangu waliogopa kufa, wakanikimbia. Siwalaumu. Nyamuswa hakuna ugonjwa, na mtandao wenyewe mpaka upande juu ya kichuguu. Kule watakuja tu." Wakapiga makofi.

Mwanangu, hukukimbiwa kwa sababu ya kuogopa kufa. Hebu fikiri kidogo. Hatukufungiwa ndani sisi. Kanisani watu walikwenda, walinawa mikono mlangoni wakaingia wakaimba. Mnadani walikwenda. Mwaloni, kule ufukweni, walikwenda kila asubuhi kugombania dagaa, wamebanana bega kwa bega na hakuna aliyemwambia mwenzake asogee. Wote hao walipita mbele ya mlango wako. Dukani kwako ndiko hawakuingia. Hilo hujawahi kujiuliza? Miaka karibu minne?

Ngoja nianze mwanzo.

Shule zilipofungwa nilikuwa kidato cha kwanza. Mama Kulwa, yule aliyekuwa anapita na beseni la vitenge kichwani, akanikuta kisimani. Akaniambia watu hawafungui milango tena kumpokea na beseni lake, wanamwambia kupitia dirishani apite mbele. Mtoto wa dada yake yuko Mwanza, anaweza kumtumia picha za mizigo ya aina zote, na mzigo ukaja na basi. Tatizo ni kuandika. "Mimi na herufi hatujawahi kupatana," akasema. "Na wateja wengine ni walimu, wananiandikia Kiingereza. Wewe unajua zote mbili. Utakuwa mimi."

Utakuwa mimi. Hujui neno hilo lilivyoniingia. Mimi ambaye nikitumwa dukani kwako kuita mtu nasimama nje mpaka anione mwenyewe. Akanipa simu yenye kioo kilichopasuka na bando la wiki, na kuanzia siku hiyo nikawa mwanamke wa miaka hamsini, mwenye mapacha na maneno mengi. "Karibu mpendwa mteja." "Rangi ipo, wewe tu." "Nakuwekea mpaka kesho, nyingine zimekwisha." Hazikuwa zimekwisha. Uongo huo nilijifundisha mwenyewe, na niligundua kwamba ukimwambia mtu imebaki moja, ananunua hata kama hakuwa anaihitaji. Mjane mmoja wa Bweri alinunua chupa ya chai ya pili kwa sababu nilimwambia hizo hazitakuja tena. Hakuwa na wageni wa kuwanywesha. Namkumbuka kila nikiona chupa ya chai.

Wewe uliona simu ile ukadhani nasoma. Uliwatangazia majirani: "Mama yangu anasoma kwa mtandao, shule imefungwa lakini yeye hajafunga!" Nilitaka ardhi ipasuke.

Halafu ndipo nikaandika ule ujumbe. Sikulipwa kwa ule. Mama Kulwa hakuniambia. Nilitaka tu kuona kama maneno yangu yanaweza kufika mbali, kwa sababu yale ya mdomo hayafiki popote. Yalifika. Siku ya tatu tulikuwa tunakula, ugali wa muhogo na dagaa, ukatoa simu yako ukaisogeza mbali na macho, halafu karibu, halafu mbali, ukausoma kwa sauti mbele yetu wote. "Sokoni kuna hatari." Ukaweka simu chini. Ukauliza, "Ni nani huyu anayetuua?"

Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningelia, na ningelia ungejua. Nikatafuna. Mama akasema, "Achana nao, hawana kazi." Nikaomba kuongezewa mboga ili nipate la kufanya.

Hilo ni kosa langu na silipunguzi. Lakini, mwanangu, nisikilize vizuri. Ule ujumbe uliwatoa watu sokoni kwa wiki tatu, labda mwezi. Wauza nyanya walirudiwa. Mshona viatu alirudiwa. Yule mzee wa mabeseni anayekaa jirani yako alirudiwa, na mpaka leo anauza. Wewe tu hukurudiwa. Hilo sikulifanya mimi, na nimechoka kukusikia ukisingizia corona na simu. Nimechoka kabisa.

Nilikuwa nasoma ujumbe wa wateja wako, baba. Mwaka ule nilijua siri za watu wa mji huu kuliko padri. Wachache waliogopa ugonjwa kweli, hao niliwajua upesi: waliagiza barakoa za kitenge na wakaulizia kama tunauza na tangawizi. Wengine walikuwa wamechoka tu kukaa na watoto, wakawa wanapekua picha kama mtu anayekaa kibarazani kutazama wapita njia, na mara moja moja wananunua. Wengine waliona jirani amepokea kifurushi kwa bodaboda, wakataka na wao pikipiki isimame kwao. Lakini wengi, wale waliokuwa wako, waliandika hivi:

"Mama Kulwa nina mwili mkubwa, nisaidie kimya kimya."

"Nataka sidiria ya mke wangu. Siwezi kwenda kuitamka mbele za watu."

"Samahani, kwako naruhusiwa kuuliza bei halafu nisinunue?"

Huyo wa mwisho alinishinda. Ni nani aliyemfundisha mtu mzima kwamba kuuliza bei ni kosa? Nikamjibu, "Uliza hata kila siku." Akauliza kila siku, siku kumi na moja, na siku ya kumi na mbili akanunua.

Nilijua anatoka wapi. Anatoka kwako. Nilikuwa nimekusikia kwa masikio yangu: "Umeuliza, umeshika, umenusa, sasa unaondoka? Basi niachie hata harufu!" Na duka zima linacheka. Ndivyo ulivyo, unapenda watu wacheke, unadhani mtu akicheka amefurahi. Mama Happy aliposhika lile gauni la maua ulimwambia nini? "Hilo ulilivaa kabla ya Happy! Sasa tukushonee hema!" Akacheka, ndiyo. Alicheka huku anarudisha gauni kwenye msumari, na nilimwona jinsi alivyolirudisha, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Jioni ile ile nikapata ujumbe wake. Hakusema neno baya juu yako. Aliandika namba ya mwili wake na maneno mawili: "Usimwambie mtu."

Walianza kwa sababu ugonjwa uliwapa kisingizio. Walipoonja kununua bila kutazamwa, ugonjwa ukaisha na wao hawakurudi. Ni hivyo tu. Wakati wote mlikuwa mnatafuta jibu kwenye redio.

Sasa nikuambie habari ya dada Esta, muuguzi wa zahanati. Hii nilitaka kuiruka, nimeshindwa.

Unakumbuka ile kamba ya katani uliyoifunga mlangoni mwaka ule? Uliifunga kwa wote, sawa. Lakini wote walikuwa wanainua na kupita chini yake, na wewe unaangalia pembeni. Dada Esta alipokuja, katoka kazini na sare yake, anataka raba nyeupe za kusimamia, ulimwambia, "Wewe baki huko huko, muuguzi! Taja namba nikurushie." Nilikuwa nimekuletea chakula. Nilisimama na lile hotpoti. Akataja tisa. Ukamrushia. Kiatu kikaanguka kwenye vumbi, akainama akakiokota, akajaribu amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, barabarani, watu wanapita. Kilikuwa kidogo. Kilikuwa saba, baba. Niliona namba kwenye soli kilipokuwa kimelala kichwa chini. Wewe ulisoma tisa.

Akasema kwa upole, "Hiki siyo chenyewe."

Ukasema, kwa sauti ile ya kuwafurahisha watu, "Kiatu ni chenyewe! Mguu ndio umenenepa kwa dawa za serikali!"

Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo, maana ukicheka na wengine hakuna anayekutazama.

Hakugombana. Akakiweka kiatu juu ya kamba, kikaning'inia pale, akaondoka. Saa moja haikupita simu ikaniita. "Mama Kulwa, nasikia unaleta nyumbani. Raba nyeupe tisa unazo? Mimi ni muuguzi, nakuambia mapema." Nikaandika zipo. Halafu akaandika: "Wewe huniogopi?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilitaka kumwambia mimi si Mama Kulwa, mimi ni yule msichana wa hotpoti, niliyecheka. Nikaandika, "Siogopi, dada. Karibu sana." Akaleta wenzake wa zahanati, halafu walimu wa karibu na zahanati, halafu ndugu za walimu. Nusu ya wateja wa Mama Kulwa walitoka kwenye mdomo wa mwanamke uliyemrushia kiatu. Hao wote, ukiwahesabu, ndio waliokuwa duka lako.

Na hapa ndipo nafika kwenye jambo gumu kuliko lote, na naomba usisimame kabla hujamaliza kusoma.

Wiki moja baada ya dada Esta, nilipata mteja mpya. Alijiita Mzee Juma. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, bila nukta, akasema anataka miwani ya kusomea, ya namba ndogo, na fremu isiyoonekana sana. Namba ya simu ilikuwa ile laini yako ya pili, unayoitumiaga kumpigia baba mkubwa tu. Naijua kwa kichwa, mimi ndiye niliyekuandikia kwenye kile kijitabu.

Nilidhani umenigundua. Nikadhani ni mtego. Nikajifungia chooni na simu. Halafu ukaandika tena: "MTU ASIJUE". Halafu: "IKINIKATAA NAWEZA KURUDISHA".

Baba! Wewe uliyeandika ukutani kwa rangi nyekundu MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI! Wewe uliyekuwa umekaa mezani unatuambia wanaonunua kwenye simu ni wapumbavu wanaoogopa kivuli chao! Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, kwa sababu nilielewa yote kwa pamoja. Ile simu mbali, karibu, mbali. Ile saba na tisa. Viatu vya watu wangapi vilirudishwa mwaka ule na ukawaambia miguu yao imekua? Ulikuwa huoni namba, na ili mtu asijue kwamba huoni, uliwafanya watu wacheke mguu wa mwenzao.

Nikakujibu. "Usijali mpendwa mteja, siri yako iko salama. Ikikukataa rudisha." Ndiyo, ni mimi niliyekuita mpendwa mteja. Ukapelekewa na bodaboda mpaka Bweri, kwenye ule ujenzi wa rafiki yako, kama ulivyotaka. Tangu siku hiyo najua iko ndani ya ile soksi ya kahawia, na unaivaa ukiwa stoo peke yako. Dukani hukuivaa hata siku moja. Uliendelea kukisia. Uliendelea kuchekesha.

Kwa hiyo usiniambie hujui kwa nini watu wananunua bila kuonekana. Unajua. Ulijua kabla ya mwenyekiti wa kwaya. Ulikuwa mteja mzuri, hukusumbua bei, na ulishukuru mara mbili. Uliandika "ASANTE MAMA", na mimi nikaitazama hiyo mama nikajiuliza unamwambia nani.

Hilo ndilo linanichoma. Si kwamba hukuona namba, nani asiyezeeka. Ni kwamba ulijua jinsi inavyouma kutazamwa, ukanunua faragha yako kwa simu, na kesho yake ukarudi dukani kuwanyima wenzako ile ile. Na hukuwa mtu mbaya. Hapo ndipo nashindwa kulala vizuri. Ungekuwa mtu mbaya ningekuacha uende Nyamuswa ukafilisike.

Mimi pia nilifanya vilevile. Nilikuwa najificha nyuma ya jina la mwanamke mwingine kwa sababu sitaki kutazamwa, na kutoka huko nyuma nikatupa neno "hatari" juu ya soko lenye watu halisi, na wewe ukiwa mmoja wao. Shule zilipofunguliwa nilimrudishia Mama Kulwa simu yake, nikamwambia masomo yamekuwa mengi. Mwanawe Doto akachukua kazi. Sikurudi nyuma kuandika ujumbe mwingine wa kusema nilidanganya. Ningeweza. Mistari miwili tu. Nilisubiri mtu aniulize, na mtu aliyejificha haulizwi. Miaka imepita, umekuwa unafungua duka tupu kila asubuhi, unapangusa vumbi kwenye viatu vile vile, na mimi nakuletea chakula.

Nyamuswa watakuja, hapo sibishi. Siku ya mnada watu watajaa mpaka uchoke. Mkulima wa pamba atakuja na mke wake, ataulizia bei ya buti halafu atanyamaza. Kule kunyamaza kwake ndiyo biashara yenyewe. Ukimwacha anyamaze, atarudi. Ukimchekesha, atakwenda kupanda juu ya hicho kichuguu chako na simu yake, na kuna msichana mahali fulani, mwenye haya kama mimi, atamjibu "karibu mpendwa mteja" kabla hajashuka. Mtandao hauhitaji kuwa na nguvu. Aibu ndiyo inayoutafuta.

Na dada Esta bado yupo pale zahanati. Basi lako linaondoka asubuhi, na zahanati iko njiani. Sikuambii ufanye nini. Ningekuwa na ujasiri ningekwenda mimi, maana nilicheka. Nimefikiri nitakwenda. Nimeandika kwamba nitakwenda, kwa hiyo sasa imebidi.

Nimesikia pikipiki. Umerudi kutoka kwa fundi, unashusha yale mashelfu ya duka la Nyamuswa, unamwambia kijana wa watu kwamba ameyafunga kama mtu anayefunga mbuzi mwizi. Anacheka. Mama anakuuliza kama umekula.

Nilipanga kuiweka barua hii chini ya nguo kwenye begi lako, uikute Nyamuswa, nikiwa mbali na uso wako. Nilikuwa nimeshapata na mahali, katikati ya mashuka. Lakini hiyo ingekuwa tena mimi kumletea mtu kitu mpaka mlangoni ili asinione.

Unakuja huku. Ndala zako zinaburuza kwenye saruji, umesimama kwenye mlango wa sebule, umekohoa. Unauliza ninaandika nini tangu mchana. Mkono umeshakimbilia daftari la kufunikia, nimeurudisha. Karatasi iko mezani, uso juu, na mimi niko hapa hapa kwenye kiti.

Ingia, baba. Mlango uko wazi.